Mwenzetu ofisini ana kikwapa kikali, nani amwambie na amwambieje? (Mtwara mjini)

MamaShangani

Habari zenu wadau, naombeni mawazo maana hili jambo linaninyima raha na naona linaelekea pabaya.

Nipo Mtwara mjini, kampuni binafsi ya mambo ya ghala na usafirishaji wa korosho, jina naliacha. Sasa hivi ni msimu, mnajua kulivyo, malori foleni, simu haziishi, tunaingia saa moja asubuhi tunatoka giza limeshaingia. Tupo sita chumba kimoja, eisi imekufa tangu joto lianze na fundi kila siku anasema kesho, tumebaki na feni moja ya ukutani.

Kuna kaka mmoja meza zetu zinatazamana. Kaka wa watu ni mchapakazi kuliko sote, yeye ndo anajua gari gani limepakia magunia mangapi, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) akija na karatasi zisizolingana yeye ndo anakaa nae chini mpaka zikalingana, na hana makuu na mtu. Lakini ananuka kikwapa jamani. Sio ile ya jioni ambayo kwa joto hili kila mtu anayo, yake inaanza saa tatu asubuhi, ikifika adhuhuri feni ikigeukia upande wake unabana pumzi kwanza. Ana mashati kama mawili anayobadilishana, ya mikono mirefu, ya kile kitambaa cha kuteleza, kwapani pameshakuwa pa njano na pamekakamaa.

Madereva wanaofata nyaraka siku hizi hawaingii ndani, wanasubiri barazani wanaomba wapewe dirishani. Halafu juzijuzi mtu mmoja humu ndani (namjua ila sitamtaja) akamuwekea mezani mche wa sabuni na roloni kabla hajafika. Kaka akaja, akavishika, akauliza hivi vya nani? Wote tumekodolea kompyuta. Akauliza tena, kimya. Basi akavichukua akampelekea dada wa mapokezi, akamwambia kuna mtu kasahau vitu vyake, akija kuulizia umpe. Kwa upole kabisa, hajaelewa chochote. Mie chakula cha mchana siku ile hakikupita.

Tangu hapo imekuwa vicheko tu, kuna grupu la WhatsApp limefunguliwa na yeye hayumo. Mie natamani mtu amwambie kiutu uzima yaishe. Shida mie ni mwanamke, halafu mdogo kwake, na yeye familia yake ipo Newala, hapa kapanga chumba peke yake Magomeni, sasa nikimwita pembeni nimuongeleshe habari za mwili wake watu watatafsiri vingine. Bosi ndo kabisa, ni mtu wa kufoka mbele za watu. Nifanyeje?

BandariniLeo

Pole dada. Hiyo sio kazi yako, ni kazi ya msimamizi wenu, analipwa kwa ajili ya mambo kama hayo. Mpelekee ripoti HR umalize, usije ukajitafutia uadui na mtu bure.

Mdau_Mikindani

HR wa nini kwenye ofisi ya watu sita mkuu. Tafuteni mtani wake amchane. Huku kusini tuna utani wetu, mtani anakwambia neno zito hadi msibani na hununi, hilo la kikwapa lina nini. Mtani akilisema litaingia na hakutakuwa na kinyongo.

KijanaWaMtanda

Mdau_Mikindani hapo nakupinga mkuu wangu. Utani unafanyika watu wakisikia, na hili jambo likisikika tu na mtu wa tatu heshima ya yule kaka imekwisha. Nakwambia kwa sababu mie ndo niliyewahi kuambiwa.

Nilikuwa Lindi mjini, kibarua kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi. Simenti, nondo, kupakia na kushusha kutwa nzima. Mkuu wa stoo alikuwa mzee mmoja mtu wa pole sana, siku moja tumeshafunga, wenzangu wameondoka, akaniita tukakaa kwenye benchi la nje. Akaniambia, "Mdogo wangu, nina neno na wewe, sio zuri lakini nakwambia mimi kwa sababu najua hakuna mwingine atakayekwambia. Makwapa yako yananuka, hasa kuanzia mchana. Inawezekana mwenyewe hujui. Sijamwambia mtu na sitamwambia mtu." Basi. Hakuzunguka, hakuanza na hadithi za usafi ni nusu ya imani, hakunipa sabuni. Halafu akaniuliza, "Kwako maji yanapatikana?"

Lile swali la maji ndo lilinipa pa kuongelea. Nikamwambia nilipopanga maji yanatoka kwa mgao, nikirudi usiku nakuta ndoo moja ndo hiyo ya kupikia, kunawa miguu na kuoga, asubuhi natoka kavukavu. Akaniambia stoo kuna bomba nyuma, uje mapema uoge ndo uanze kazi, funguo nitakuwa nakuachia.

Sitadanganya, iliniuma. Nilikaa siku kadhaa nakula peke yangu, nikiona watu wawili wanaongea najua wananisema mimi. Lakini yule mzee mpaka leo sijawahi kusikia kutoka kwa mtu yeyote kwamba aliniambia vile, na ndo maana mpaka leo nikipita Lindi lazima nimsalimie. Kwahiyo dada, atafutwe mtu mzima, mwanaume, anayeheshimika na asiye na mdomo. Mmoja tu. Aongee nae jioni wakati wa kutoka maana ukimwambia asubuhi umemfungia kutwa nzima na wale watu huku anajua ananuka.

Nesi_wa_Zamu

Mie ni muuguzi, nipo upande wa Masasi, naomba niongee kidogo maana naona wengi tunachukulia kikwapa ni uchafu na imeisha.

Jasho lenyewe linapotoka halina harufu kali. La mgongoni na usoni ni maji na chumvi tu, kazi yake kupooza mwili. Makwapani na kinenani kuna tezi za aina nyingine, zinaamka mtu akibalehe ndo maana mtoto mdogo hanuki kikwapa, hizi zinatoa jasho zito lenye mafuta na protini, sasa bakteria wanaoishi kwenye ngozi wakilichakachua lile jasho ndo harufu inazaliwa. Kwahiyo mtu anaweza kuwa kaoga asubuhi vizuri kabisa, akavaa shati ambalo mafuta na bakteria wa juzi bado wamo ndani ya nyuzi, shati likishapata joto la mwili harufu inarudi. Dada kasema inaanza saa tatu na kwapani pamekakamaa. Mie kwa maelezo hayo nalishuku shati kabla sijaushuku mwili wake.

Na hivyo vitambaa vya kuteleza, polista, vinashika ile harufu kuliko pamba. Ukija msimu wa mvua hapa kwetu nguo inaanikwa ndani, hewa yote ni unyevu, inakauka baada ya siku mbili na imeshavunda, halafu mtu anaipiga pasi anaona ni safi. Shati la hivyo sabuni ya kawaida peke yake haitoshi, loweka kwapani kwa siki iliyochanganywa na maji nusu saa hivi au zaidi, fua, geuza ndani nje, anika kwenye jua kali. Likigoma hilo ni la kufanyia tambara, asilivae tena kazini.

Jingine ambalo watu hawalijui, pua inaizoea harufu ya mwenyewe. Ukikaa na harufu muda wote ubongo unaacha kukupa taarifa. Huyo kaka aliyeshika sabuni akauliza ya nani alikuwa anauliza kweli, hakuwa anajifanya. Kwahiyo hizo njia za mafumbo, kuziba pua, kupuliza spreyi akipita, zote hazimfikii, zinamuumiza tu siku akija kujua.

Kuhusu roloni, zile za kuzuia jasho zenye chumvi za aluminiamu zinafanya kazi vizuri zaidi zikipakwa usiku kwenye kwapa kavu, sio asubuhi umeshaanza kutoka jasho. Shabu ile ya jiwe ya sokoni inasaidia pia na ni bei rahisi, wazee wa pwani wanaijua tangu zamani. Makwapa yanyolewe, yasuguliwe kwa sabuni, yafutwe yakauke kabisa ndo avae. Ndimu jamani acheni, ukipaka ukatoka juani inababua ngozi na kuacha mabaka meusi.

Halafu kuna ambayo sio ya kuoga. Mtu anayetoka jasho kupita kiasi hata akiwa amekaa kivulini, moyo unamwenda mbio, anakonda huku anakula, apimwe tezi ya shingo. Mwenye sukari isiyotibiwa anapata fangasi za mara kwa mara kwenye mikunjo ya ngozi na miguuni. Na kuna hali moja ya nadra, mwili unashindwa kuvunja kemikali fulani inayotokana na vyakula kama samaki na mayai, inatokea kwenye jasho, pumzi na mkojo, mtu ananuka kama samaki aliyeoza, akioga mara tano ni vilevile, na huku kwetu samaki ndo kitoweo cha kila siku. Tena mtu aliyekuwa msafi ghafla kaacha kujijali, haogi, habadili nguo, nyumbani yupo peke yake, muulizeni kwanza anaendeleaje, sonona inaanza hivyohivyo. Hospitali ya Ligula pale Mtwara wanaona watu wa namna hiyo, hata hospitali ya kanda Mitengo, hakuna atakayemcheka.

Tandahimba_Asili

Naunga mkono muuguzi, harufu nyingine ni ya kazi. Mie kipindi cha kupulizia salfa mikorosho ya mama, Juni mpaka huko Agosti, naamka alfajiri umande bado upo maana ndo unga unashika majani, nikimaliza naoga ndo naenda kazini. Salfa haitoki. Ipo kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye begi. Nikikaa kwenye gari watu wanageuka. Sasa bila salfa ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza maua yote na mama hana korosho mwaka huo, kwahiyo kuacha siwezi. Nilichofanya nina nguo za shamba hazilali chumba kimoja na za kazi, na naoga hukohuko shamba kabla sijavaa za kazini. Muulizeni huyo kaka asubuhi anatokea wapi.

Mjumbe_Nachi

Samahani kuingilia uzi, Nesi naomba na mie unisaidie. Kwetu Nachingwea ni dada mmoja, mpishi wa kituo, ananuka mkojo, ilianza baada ya kujifungua na mtoto alifariki. Watu wanasema mvivu wa kujisafisha, wanataka kumtoa jikoni.

Nesi_wa_Zamu

Mjumbe_Nachi, tafadhali msimtoe mtu kabla hajaonwa na daktari. Mtu akikaa na uchungu wa kujifungua muda mrefu sana, kichwa cha mtoto kinagandamiza njia mpaka nyama inakufa na kutoboka, tundu linabaki kati ya kibofu na uke, hiyo ndo fistula. Mkojo unavuja usiku na mchana bila yeye kuweza kuuzuia, na mara nyingi mtoto wa uzazi huo anakuwa amefariki, kama ulivyoandika. Hakuna sabuni ya kutibu hiyo, ni upasuaji, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanaufanya bure. Inaweza isiwe fistula, kuna wanaovujisha mkojo kwa sababu misuli ya nyonga imelegea baada ya kuzaa, ila atakayejua ni daktari. Tafuta mwanamke mmoja anayemuamini aende nae hospitali ya wilaya wiki hii, na akifika aseme kabisa "mkojo unanitoka wenyewe tangu nijifungue", asione haya akasema tumbo linauma. Huyo dada atakuwa ameteseka sana, hasa kama hakuna aliyemuuliza.

Mjumbe_Nachi

Asante sana Nesi, mke wangu ataenda nae.

MzeeWaGhala

Dada MamaShangani, mie nimefanya kazi maghala haya miaka mingi, nitaongelea upande wa mwajiri maana wote mmemuacha.

Ghala la korosho lina vumbi la magunia, joto la bati, watu wanatoka jasho kutwa halafu hakuna pa kujimwagia maji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke vyoo na sehemu ya kunawa, sio hisani ya bosi. Eisi mbovu na feni moja kwa watu sita, hapo hata aliyeoga na marashi ya udi ikifika saa nane ananuka. Kwahiyo kabla hamjamsema mtu, nyie wote kwa pamoja mwambieni bosi habari ya eisi na bomba la maji, mseme "sisi", msimtaje mtu. Hilo hata bosi mkali hawezi kulifokea.

Na kama kuna anayefikiria afukuzwe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki. Kikwapa ambacho mwenyewe hajawahi hata kuambiwa hakiwezi kuwa sababu ya siku moja.

BandariniLeo, ripoti ya maandishi kwa jambo la mwili wa mtu hapana. Karatasi inakaa kwenye faili lake milele, na maneno ya mdomo yangetosha.

BandariniLeo

Mzee hapo nimekuelewa.

MamaShangani

Wadau asanteni sana, nimesoma yote zaidi ya mara moja, naleta mrejesho.

Ofisini kwetu kuna mzee wa hesabu, anakaribia kustaafu, mtu wa swala tano na hajawahi kusikika anamsema mtu. Nilimfata yeye, nikamueleza kama mlivyonielekeza, iwe jioni, iwe peke yao, asitaje kwamba watu wanalalamika. Akaniambia hata yeye lilikuwa linamsumbua ila alikuwa anaogopa kumvunjia heshima kaka wa watu. Ijumaa walitoka pamoja kwa miguu. Walichoongea sijui na sikuuliza, mzee aliniambia tu "ameelewa, na ameshukuru, na maji anapokaa ni shida".

Jumatatu alikuja kimya sana, na shati jipya la pamba, la mikono mifupi. Harufu imepungua sana, mchana bado ipo kidogo, ila ni ile ya kwetu sote. Mzee kamwelekeza mtaa wa pili kutoka kwake kuna nyumba yenye kisima na bafu la nje, anaoga hapo asubuhi. Na suala la eisi tulilipeleka watu watano kwa pamoja, bosi kafoka kidogo halafu kaita fundi mwingine, sasa hivi nikiandika inafanya kazi.

Kilichobaki ni lile grupu. Bado lipo, jana wametuma picha yake amekaa barazani anakula, wameandika maneno. Mie nimetoka kwenye grupu lakini najua siku ataiona tu, simu za ofisini zinashikwashikwa. Hapo nifanyeje?

KijanaWaMtanda

Dada hiyo ndo kubwa kuliko kikwapa. Huyo aliyeweka sabuni ndo mwenye grupu, au nakosea?

MamaShangani

Ndo huyohuyo.

KijanaWaMtanda

Basi mfate yeye mwenyewe, peke yake, vilevile kama alivyofatwa kaka. Usimwambie ni mbaya, mwambie afute ile picha leo na alifunge grupu leo, na umwambie wazi kwamba kaka ameshaambiwa na anajirekebisha kwahiyo hakuna tena cha kucheka. Wengi wanacheka kwa sababu wanaona hakuna anayechukua hatua. Akikataa mwambie mzee wa hesabu aongee nae. Asipomsikia mzee, hapo sasa ndo uende kwa bosi, na uende na hiyo picha.

MzeeWaGhala

Naongezea, mwambie pia kupiga mtu picha kwa siri na kuisambaza kwa kumdhalilisha kunaweza kumfikisha polisi, sio mchezo wa kazini. Na wewe uliyetoka kwenye grupu, waambie na wale wengine wawili unaoelewana nao watoke. Likibaki na mtu mmoja litakufa lenyewe.

MamaShangani

Nimeongea nae sasa hivi pale nje. Amenuna ila picha kaifuta mbele yangu. Hao wawili nawafata kesho asubuhi kabla malori hayajaanza kuingia.